Vidonda vya tumbo: kwa nini dawa ya siku tatu haimalizi tatizo

Ukimuuliza mtu mwenye vidonda vya tumbo chanzo chake ni nini, mara nyingi atakutajia pilipili, maharage, njaa au mawazo. Hivyo vinaweza kuchokoza maumivu, lakini chanzo kikubwa ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au kwa kifupi H. pylori.

Bakteria huyu huishi kwenye ukuta wa tumbo la chakula. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kuwa naye. Wengi humpata utotoni, hasa penye msongamano na uhaba wa maji safi na vyoo bora, na wengi hawaumwi kamwe.

Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na vyakula. Mwaka 1982, huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha bakteria huyu maabara. Wenzao walisita kuamini, hivyo mwaka 1984 Marshall alimnywa mwenyewe, na tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo vidonda vinavyotokana na bakteria huyu vinatibika. Kwa kawaida mgonjwa hupewa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 hadi 14. Mbona basi mtu anaumwa miaka?

Sababu moja ni umbali na pesa. Hospitali yenye kipimo iko mbali na dozi nzima ni ghali, kwa hiyo mtu ananunua vidonge vichache dukani. Vidonge vya kutafuna hutuliza kiungulia tu, haviui bakteria. Antibayotiki za siku tatu huua walio dhaifu na kuwaacha sugu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilimtaja H. pylori sugu kwa klarithromaisini miongoni mwa bakteria wanaohitaji kutafutiwa dawa mpya.

Hatari si maumivu pekee. Tangu mwaka 1994, wakala wa WHO wa utafiti wa saratani umemweka bakteria huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Wanaofikia huko ni wachache, lakini ndiyo sababu ya kutopuuza.

Ufanye nini? Pima kwanza, kwa sababu hata dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini huleta vidonda. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi huonyesha kama bakteria yupo sasa. Cha damu kinaweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha. Kabla ya kuanza dawa, uliza bei ya dozi nzima. Kama pesa haitoshi, mweleze daktari mapema badala ya kuikatiza njiani.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, usisubiri siku ya gulio. Nenda hospitali siku hiyohiyo.