"MIDI ni MIDI": uongo unaowapotezea watu pesa

Leo nimekasirika kidogo, ndugu msomaji, kwa hivyo naomba univumilie.

Juzi kijana mmoja wa chuo kikuu alinijia na malalamiko. Ni mpenzi wa michezo ya tarakilishi ya zamani, ile ya enzi za DOS. Alikuwa amesikia kwamba zamani watu walinunua visanduku vya sauti vya nje ili michezo hiyo ipige muziki mzuri. Akajinyima, akaweka pesa kidogo kidogo kwa miezi, akaagiza kutoka ng'ambo kisanduku kiitwacho Roland SC-55. Kikafika. Akaunganisha nyaya, akafungua King's Quest IV, akachagua Roland kwenye orodha ya vifaa vya sauti, akangoja raha.

Alichopata ni vurugu tupu. Mahali pa tarumbeta palilia gitaa, na sauti nyingine hazikufanana na chochote. "Kaka," akaniuliza, "nimeuziwa kifaa kibovu?"

Hapana. Kifaa chake ni kizima kabisa. Kibovu ni ushauri aliopewa. Kabla ya kununua aliuliza watu wanaojiita wajuzi, wakamjibu kwa maneno matatu: "MIDI ni MIDI." Nunua chochote, kitafanya kazi.

Jamani, acheni kuwaambia watu hivyo!

Hebu tuanze mwanzo. MIDI ilizaliwa mwaka 1983 ili ala za kielektroniki za kampuni tofauti ziweze kuzungumza. Lakini kinachopita kwenye ule waya si sauti hata kidogo. Ni maagizo: chaneli fulani, shika ala nambari fulani, piga noti hii kwa nguvu hii, sasa nyamaza. Maagizo hayo husafiri kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, kasi ambayo leo ingetuchekesha, lakini kwa maagizo yalitosha.

Sasa swali ni moja: ala nambari 25 ni ipi? MIDI ya 1983 haikusema. Kila kampuni ilijipangia orodha yake.

Roland ilipotoa MT-32 mwaka 1987, nambari 25 ilikuwa sauti ya tarumbeta za kielektroniki. Kiwango cha General MIDI kilipokuja mwaka 1991, nambari hiyo hiyo ilipewa gitaa la nyuzi za nailoni. Nambari 33 katika MT-32 ni sauti ya ajabu ajabu iitwayo Fantasy, na katika General MIDI ni besi. Sisi tunaoandika programu tunalijua tatizo hili vizuri: programu mbili zinapokea nambari moja, kila moja ina jedwali lake, na hakuna hata moja inayotoa taarifa ya kosa. Kila kitu "kinafanya kazi", ila matokeo ni upuuzi.

Chukua karatasi ya muziki wa taarabu, mahali palipoandikwa udi umpe mtu wa tarumbeta ya beni, na palipoandikwa fidla umpe mtu wa tumba. Watapiga, noti zote zitakuwa sahihi. Je, utasema mtunzi hakujua kazi yake?

King's Quest IV ilitoka mwaka 1988, na muziki wake ulitungwa na William Goldstein. General MIDI ilikuja 1991. Sasa wewe mjuzi niambie, mchezo wa 1988 ungeandikiwaje kiwango ambacho hakikuwapo duniani? Uliandikiwa MT-32. Sierra, kampuni iliyoutengeneza mchezo huo, hata ilikuwa ikiwauzia wateja wake MT-32 yenyewe.

Na tatizo halikomi kwenye nambari. MT-32 ina nafasi 64 za kumbukumbu ambamo mchezo unaweza kuweka sauti zake wenyewe, zisizokuwa kwenye orodha ya kiwandani. Mchezo ukianza, hutuma ujumbe maalumu uitwao SysEx na kukifundisha kisanduku sauti mpya. Ndiyo maana baadhi ya michezo hukaa kimya kwanza kwa muda kabla ya muziki kuanza. Michezo mingine hata huandika utani kwenye kile kioo kidogo cha mbele. SC-55 haiuelewi ujumbe huo. Wauzaji husema kwamba SC-55 "inaoana na MT-32", na ni kweli kwamba ndani yake mna orodha ya kuiga zile sauti 128 za kiwandani. Lakini sauti ambazo mtunzi alizibuni mwenyewe haiwezi kuzipokea. Kwa hiyo huo ni ukweli nusu, na ukweli nusu ndio uliokula pesa za yule kijana.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: SC-55 si kifaa duni. Ilitoka 1991, na kwa michezo iliyoandikiwa General MIDI, kama Doom ya 1993, utaifurahia sana. Ukimpa Doom MT-32, kosa litakuwa lile lile, limegeuzwa tu kichwa chini. Hoja yangu ni kwamba mchezo ndio unaochagua kifaa, si pochi yako wala mtu aliyekushauri.

Sasa niwageukie wale wa upande wa pili, maana nao wana lao. Kuna wakusanyaji wanaosema bila kifaa chenyewe cha chuma na plastiki hujasikia kitu, na kwamba programu za kuiga ni udanganyifu. Hawa nao wananiudhi. Kadiri wanavyozidi kuimba wimbo huo ndivyo bei zinavyopanda, na kijana wa Nairobi au Mombasa anaona jambo hili si la watu kama yeye.

Mimi mwenyewe ninayo MT-32. Rafiki yangu alirudi nayo kutoka Japani, na naipenda. Lakini muziki huu sikuusikia mara ya kwanza kupitia kwake. Niliusikia kupitia Munt, programu huria inayoiga MT-32. Kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa wale wanaosema muziki wa michezo ya zamani ni milio ya kitoto. Nilisema hivyo kwa miaka, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu nami nilikuwa nimeambiwa MIDI ni MIDI na nikausikiliza kwa ala za uongo. Siku niliposikia sauti alizozikusudia mtunzi, niliona aibu. Nilikuwa nimeitukana kazi ambayo sikuwahi kuisikia.

Kwa hivyo usinunue kitu kwanza. Pakua DOSBox Staging au ScummVM, zote mbili zinaweza kuiga MT-32 ndani kwa ndani. Utahitaji mafaili mawili ya ROM ya kifaa hicho. Hayo yana hakimiliki, ndiyo maana programu haziji nayo. Katika DOSBox Staging unaandika mididevice=mt32, kisha ndani ya mchezo unachagua Roland MT-32. Sikiliza. Ukiridhika, umeokoa pesa zako na hakuna mwenye haki ya kukudharau.

Na kama tayari una kifaa, au umerithi cha mtu, haya ndiyo wajuzi walipaswa kumwambia yule kijana:

1. Anza na stima. MT-32 hutumia volti 9, na kwenye plagi yake hasi iko katikati, kinyume cha adapta nyingi za madukani. Adapta iliyotoka Japani imetengenezewa volti 100, na soketi ya kwako Kenya inatoa 240. Mimi nilibakisha sekunde chache tu kuiunguza yangu. Soma maandishi ya nyuma ya adapta kabla ya kuchomeka!

2. Data hutoka MIDI OUT ya tarakilishi na kuingia MIDI IN ya kisanduku. Sauti hairudi kupitia waya huo. Unahitaji nyaya nyingine kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye spika. Wengi hukwama hapa wakidhani kifaa kimekufa.

3. Jihadhari na nyaya za USB za bei ya chini kabisa. Nyingine hupitisha noti vizuri lakini huharibu ujumbe mrefu wa SysEx. Utasikia muziki, ila kwa sauti zisizo zake, na utailaumu MT-32 bure.

4. Katika faili la mipangilio la DOSBox weka mpu401=intelligent, kwa sababu michezo mingi ya zamani inadai hali hiyo. Kwenye Windows andika mixer /listmidi ili uone nambari ya kifaa chako, kisha uiweke kwenye midiconfig.

5. MT-32 za mwanzo, zile zisizo na tundu la hedifoni, hulemewa zikitumiwa SysEx haraka mno, na kioo huonyesha kosa la bafa kufurika. Katika DOSBox Staging ongeza neno delaysysex baada ya ile nambari ya midiconfig. Hapo ujumbe hutumwa polepole na kosa huisha.

6. Ukihama kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, zima kisanduku ukiwashe tena. Sauti ulizoachiwa na mchezo wa kwanza zinaweza kuvuruga wa pili.

Mambo sita tu. Hakuna uchawi. Kuyaeleza kunachukua dakika kumi, na kusema "MIDI ni MIDI" kunachukua sekunde mbili, ndiyo maana watu wanachagua hilo la pili.

Mtaniuliza, kwani kuna ubaya gani? Ni michezo tu ya zamani. Ubaya upo. Mtunzi alikaa na kifaa kimoja, akakijua ndani nje, akaziandikia noti zake sauti za kifaa hicho. Visanduku hivyo vimepita umri wa miaka thelathini na vinaendelea kuharibika. Kitakachobaki ni programu za kuiga, pamoja na maelezo ya namna ya kuzipanga. Maelezo yakiwa mabovu, kizazi kijacho kitakuwa na mafaili yote, na bado kitasikia kitu ambacho hakuna mtu aliyekitunga. Kisha kitasema, kama nilivyosema mimi, kwamba watu wa zamani hawakujua muziki.

Yule kijana hakurudisha SC-55 yake. Tulikaa jioni moja, tukaweka programu ya kuiga MT-32 kwa ajili ya King's Quest IV, na SC-55 tukaiachia Doom. Alipoisikia ile ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa nini hawakuniambia?"

Nami nawauliza ninyi mliomshauri: kwa nini hamkumwambia? Kama hamkujua, semeni hamjui. Si aibu. Aibu ni kumtuma mtu sokoni na pesa zake kwa maneno matatu.

Haya basi, nimetua mzigo wangu. Tuonane tena, hasira zikipoa.