Mama mnene anaweza kukosa damu: sababu ni gani?

Hapa kwetu Kasongo na Kabambare, mama akinenepa watu wanasema: anakula vizuri, damu iko. Mwembamba ndiye tunamuuliza kama anaumwa. Lakini kilo na damu ni vitu viwili.

Ili mwili utengeneze damu unahitaji chuma, madini yaliyo ndani ya nyama, ndakala, maharagi na sombe. Chuma kinaingilia kwenye utumbo, lakini ini ndilo linaamua kiingie kiasi gani. Linatoa homoni inayoitwa hepsidini, ambayo wataalamu waliigundua karibu na mwaka 2000. Ikipanda, mlango unafungwa: chuma cha chakula kinatoka na choo, na kile cha akiba mwilini hakitumiki.

Ni nini inaipandisha? Ni uvimbe wa ndani, usioonekana kwa macho, ambao mwili unafanya ukipigana na ugonjwa. Mafuta mengi mwilini, hasa ya tumboni, yanaleta uvimbe kama huo, mdogo lakini wa kila siku. Malaria nayo inapandisha hepsidini, tena inaharibu damu yenyewe. Kwa hiyo mama mnene mwenye malaria anafungiwa mlango mara mbili.

Hatari kubwa iko kwenye uzazi. Mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu; kwa asiye na mimba ni chini ya 12. Huyo akitoka damu nyingi wakati wa kuzaa, hana akiba ya kumuokoa.

Basi wamama, tufanye nini? Twende CPN mapema, hata tukijisikia na nguvu. Tuombe wapime damu, si kilo peke yake. Vidonge vya feri tusiviache. Tuvimeze na maji au chungwa, na chai ingoje kama saa mbili, maana inazuia chuma. Tulale ndani ya chandarua, tumeze dawa ya kukinga malaria tunayopewa CPN. Mama mnene asiye na mimba, akipunguza kilo pole pole, mlango unaweza kufunguka tena.

Na wale wanaopanga kazi za afya wakumbuke: kugawa feri bila kupambana na malaria ni kumwaga maji juu ya bidoni iliyofungwa.