Mzega wa Mashine ya Eksirei

Mchota maji abebaye ndoo mbili kwa mzega huzifahamu kanuni mbili ambazo fundi wa vifaa tiba huzisoma darasani. Ya kwanza ni kwamba mti hauinami upande wowote iwapo ncha zake zimepewa mizigo inayolingana. Ya pili ni kwamba bega hubeba mizigo yote miwili, si mmoja. Juu ya kanuni hizi umejengwa mkono wa mashine ya eksirei ya magurudumu, ile isukumwayo hadi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mashine ya aina hii inaponunuliwa, mazungumzo huelekea kwenye ubora wa picha na uwezo wa kompyuta. Si ajabu, kwani mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hata programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Lakini picha haisomwi kabla ya kupigwa, na haipigwi vema iwapo mkono unaobeba kichwa cha mionzi hautulii. Kwa kituo cha afya kama cha Magoma, katika bonde la Lwengera wilayani Korogwe, uwiano wa mkono huo wastahili kuwa sharti la ununuzi, wala usiachwe kwa hisani ya muuzaji.

Kichwa cha mionzi ni kizito kwa lazima. Ndani yake mna tyubu, na mna kinga ya risasi izuiayo mionzi isitawanyike ovyo. Katika mashine nyingi mna pia mafuta ya kuhami umeme. Tuseme kina kilo 20. Njia ya kale ya kukisawazisha ni ya mzega: kamba ya waya hupita juu ya kapi, kichwa kikaning'inia upande mmoja, na chuma au risasi ya uzito uleule upande wa pili, ndani ya nguzo. Mhudumu hukipandisha na kukishusha kwa mkono mmoja. Gharama yake ni ile ya bega la mchota maji: mashine hubeba kilo 40 badala ya 20, na mhudumu huzisukuma zote kwenye vizingiti na miinuko.

Njia ya pili ni springi. Ni nyepesi, lakini ina tabia yake: kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kukaza, ilhali uzito wa kichwa haubadiliki. Kwa hiyo wahandisi huizungushia kamba kwenye gurudumu lenye umbo la konokono, ambalo kipenyo chake hubadilika ili kufidia badiliko la nguvu, au huzipanga springi kwenye pembe maalumu za mkono. Mpangilio wa namna hiyo ndio alioubuni Mwingereza George Carwardine mwanzoni mwa miaka ya 1930, na taa nyingi za mezani husimama kwa kanuni hiyo hadi leo.

Uwiano ukiharibika, wa kwanza kuumia ni mgonjwa. Kichwa kilichopangwa sentimita 100 kutoka kwenye kibao cha picha kikishuka polepole hadi 90, nguvu ya mionzi inayofika huongezeka kwa takriban asilimia 23. Kikitikisika wakati picha inapigwa, picha hufifia na kurudiwa, na mgonjwa hupokea mionzi mara mbili kwa jibu moja. Mhudumu naye hulipa kwa mgongo na mabega. Na kamba ikikatika pasipo kizuizi cha dharura, kilo 20 humwangukia mtu aliyelala chini yake, asiyeweza kujiondoa. Kwani mashine ililetwa kitandani kwa sababu hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii imepitwa na wakati, maana siku hizi zipo mashine za kilo chache tu, zibebwazo begani hadi kijijini. Ni kweli, na kwa uchunguzi wa kifua kikuu zina manufaa makubwa. Hata hivyo nazo huwekwa juu ya kiunzi, na kiunzi chepesi ndicho kipindukacho upesi mkono unaponyooshwa juu ya kitanda. Wepesi hauondoi haja ya uwiano.

Ipi basi iifae Magoma? Springi hupunguza uzito, lakini springi iliyokazwa ni hatari kwa asiyefunzwa kuifungua, na gurudumu lake maalumu halipatikani dukani. Uzito wa kusawazisha ni mzito kusukuma, lakini kamba na kapi huonekana, na fundi wa vifaa tiba huweza kuvikagua kwa macho na kuvibadilisha. Panapokuwa na sakafu laini na fundi mbali, mashine ya uzito ina haki ya kupewa kipaumbele, hata kama katika orodha ya bei haipendezi.

Iwayo yoyote, mkataba na uje na kamba ya akiba, kizuizi cha dharura kilichojaribiwa mbele ya mpokeaji, na mafunzo kwa fundi wa wilaya. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania husimamia usalama wa mionzi chini ya sheria ya mwaka 2003. Lakini mkaguzi hawezi kuwapo kila asubuhi. Mhudumu yupo. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, na pasipo mtu chini ya mkono, akiweke kichwa katikati ya nguzo, alegeze breki huku akikishikilia, kisha apunguze nguvu polepole. Kikitulia, kazi ianze. Kikishuka au kupanda chenyewe, au nyuzi za kamba zikionekana kukatika, mashine isitumike hadi fundi afike.

Jaribio hilo halihitaji umeme wala kompyuta. Lahitaji mhudumu aliyefundishwa na msimamizi atakayekubali kuisimamisha mashine hata foleni ikiwa ndefu. Huyo wa pili ndiye adimu zaidi, na ndiye apaswaye kuandaliwa kabla mashine haijashushwa garini.