Kupima mara moja hakutoshi
Mwandishi, hapo kwenye kupima moyo wa mbwa mara moja kabla ya kupandisha sikuungi mkono. Kwa mbwa wa aina ya Cavalier King Charles, vali ya moyo huharibika polepole: jike wa mwaka mmoja husikika mzima, akazaa, na kasoro ikajitokeza baadaye, watoto wameshauzwa. Ndiyo maana kuna mwongozo unaotaka asipandishwe kabla ya miaka 2.5, na wazazi wake wawe na moyo safi wakifika miaka 5. Wafugaji wanalia kuwa mbwa watapungua. Sawa, lakini Denmark walilazimisha upimaji na ugonjwa ukapungua. Norway walifika mbali zaidi: mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwazalisha mbwa hao kulivunja sheria ya ustawi wa wanyama. Afadhali masharti kuliko marufuku.