Mtandao ukikwama Punia, tuonyeshwe unakwamia wapi

Mtandao ukipotea Punia, kila mtu ana jibu lake: antena imekosa mafuta, ni mvua, kampuni ya simu inatula mega. Mwanafunzi anayetaka kutuma faili Kindu anabaki kubahatisha. Lakini kuna njia ya kupima, nayo haiulizi malipo zaidi ya mega chache.

Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri uandike tracert na jina la tovuti. Kwenye Linux ni traceroute. Programu hii, iliyoandikwa na Mmarekani Van Jacobson miaka ya 1980, hutuma pakiti ndogo zenye kikomo cha safari. Ya kwanza inaishia kituo cha kwanza, inayofuata inafika cha pili, na kila kituo kinarudisha jibu. Unapata orodha ya vituo na muda wa kila kimoja.

Muda ndio unasema mengi. Setilaiti kubwa za mawasiliano ziko karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi kunakula karibu nusu sekunde. Muda ukiruka ghafla kutoka milisekunde 40 hadi 600, na ukabaki hapo, huenda pakiti yako imepanda angani. Anwani zikiwa za Ulaya, basi ujumbe wa Punia kwenda Kindu, ndani ya jimbo moja, unazungukia bara lingine. Nyota kwenye orodha zisikutishe: mitambo mingine inakataa tu kujibu.

Agosti 2023 kebo ya WACS, ambayo nchi yetu inaitumia kupitia Muanda tangu 2013, ilikatika chini ya bahari karibu na mlango wa mto Congo. Siku kama hizo mkaaji wa Punia ana haki ya kujua kama kosa liko baharini, Kinshasa au kwenye antena ya mtaani kwake. Tunaomba ARPTC itangaze vipimo vya kila teritwari, si vya miji mikubwa peke yake.

Vijana wenye kompyuta wasingoje. Wapime asubuhi, saa sita na usiku, tovuti ileile, wahifadhi majibu pamoja na tarehe. Wakala akisema tatizo ni simu yako, mwekee karatasi hizo mezani.