Mfupa wa Kuokota Si Mali ya Mfukoni

Muhula uliopita tulipokuwa tukichimba shimo la mlingoti wa goli, jembe liligonga mfupa mzito kama jiwe, wenye jino moja. Tukaupasua, tukagawana vipande kama mandazi. Nilipompelekea mwalimu wa biolojia kipande changu, aliniuliza: ulikuwa kina gani, na katika udongo wa rangi gani? Sikuwa na jibu. Labda ulikuwa wa ng'ombe tu. Sasa ni vigumu kujua.

Wasomaji wenzangu, wako watu wanaodai ati mifupa ya kale ni ya kuchezea. Hebu watazame habari za mnyama aitwaye Hoplophoneus, aliyeishi Amerika ya Kaskazini miaka zaidi ya milioni 30 iliyopita. Jina hilo alipewa na Bwana Edward Cope mwaka 1874. Alikuwa na umbo kama la chui, na meno mawili ya juu marefu kama majambia, na taya lake la chini lilishuka kwa mbele mfano wa ala ya kuyahifadhi. Kila amwonaye husema huyu ni paka. Wala si paka! Wataalamu wamemtoa katika ukoo wa paka kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ya kifupa cha sikio, ambacho ndani yake hakina ukuta kama alio nao paka. Kifupa kama hicho ndicho majembe yetu huvunja kwanza.

Mwaka 2010 mtoto wa kike wa miaka 7 alikuwa akitembea katika hifadhi ya Badlands, jimbo la South Dakota, Marekani. Aliona mfupa umejitokeza ardhini. Hakuung'oa, alikwenda kuwaarifu walinzi. Kumbe lilikuwa fuvu la Hoplophoneus, tena lenye alama za meno ya mnyama mwingine wa jamii yake! Baadaye wataalamu walichimba mahali hapo, wakapata mifupa ya wanyama wengine. Mtoto wa miaka 7, nasi tuko Kidato cha Nne.

Wengine watanijibu kwamba mechi ilikuwa karibu. Kweli, lakini mechi ingengoja siku moja.

Naomba wakuu wa shule waturuhusu likizo ijayo tufukue kando ya mlingoti ule, polepole, mwalimu akisimamia. Na kila mwenye kipande akirudishe. Changu nimekwisha kirudisha, na jembe nitashika mimi.

Mwanafunzi, Kidato cha IV