Minara imefika kijijini, mbona intaneti bado?

Kama unasoma hapa kwenye simu yako, basi wewe umeshavuka. Una simu janja, una bando, na hapo ulipo mtandao unakamata. Watanzania wengi wana kimoja au viwili kati ya hivyo vitatu. Ukikosa kimoja tu, umebaki nje.

Kwa miaka mingi jibu kubwa la Serikali kwa tatizo hili limekuwa kujenga minara. Na minara kweli inajengwa. Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713. Ruzuku ya Serikali ilikuwa Sh126 bilioni, na kampuni nazo zikaweka fedha zao.

Ruzuku ina sababu yake. Kata yenye watu wachache na barabara mbovu haina faida kwa kampuni ya simu. Mnara unataka umeme, ulinzi na fundi wa kuufikia ukiharibika. Bila mtu wa kufidia hasara, hakuna atakayekwenda. Hapo Serikali haikukosea.

Swali ni hili: mnara ukishasimama, nani anaingia mtandaoni?

Pengo limehama

Ripoti ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ya mwaka 2024 ina jibu la kushtua. Kati ya kila watu 100 Afrika kusini mwa Sahara, kama 13 tu ndio wanaoishi mahali ambapo intaneti ya simu haifiki kabisa. Wanaoitumia ni kama 27. Waliobaki, karibu 60, mtandao uko juu ya vichwa vyao na hawautumii.

Ni kweli, ndani ya hao 60 wamo watoto wadogo. Lakini hata ukiwatoa, picha ni ileile: wasio na mnara ni wachache kuliko walio na mnara na hawana kitu cha kuunasa huo mtandao.

Hapa kwetu takwimu zinaweza kutudanganya kidogo. Mwaka 2024 laini za intaneti zilizosajiliwa Tanzania zilivuka milioni 40, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Inapendeza, ila laini siyo mtu. Mwenye laini mbili za intaneti anahesabiwa mara mbili. Na takwimu za TCRA za mwaka huohuo zinaonyesha simu janja ziko kwa takriban theluthi moja tu. Wengine wengi bado wana kitochi.

Kikwazo cha kwanza ni simu yenyewe

Bando unaweza kununua la siku, hata la saa. Simu hainunuliwi vipande vipande, labda uchukue ya mkopo. Na ya mkopo unatoa kianzio, unalipa kila siku, ukichelewa inafungwa, na mwisho wa safari umelipa zaidi ya aliyenunua taslimu. Kwa mkulima anayepata hela mara moja au mbili kwa mwaka, malipo ya kila siku ni mtego.

Serikali ililiona hili. Mwaka 2021 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei madukani hazikushuka, yaani unafuu haukumfikia mwananchi.

Sababu hiyo ina uzito, lakini inaacha swali. Kama unafuu uliishia kwa wafanyabiashara, kwa nini dawa iwe kuurudisha mzigo kwa mnunuzi, badala ya kutafuta njia ya kuhakikisha unamfikia? Mwaka mmoja ni muda mfupi mno wa kupima.

Kenya walijaribu njia nyingine. Oktoba 2023 walizindua kiwanda cha kuunganisha simu janja za 4G huko Athi River. Rais Ruto alikuwa ameahidi simu ya takriban dola 40. Zilipotoka, ya bei nafuu iliuzwa Sh7,499 za Kenya, takriban dola 50 wakati huo. Ni hatua nzuri, lakini kwa kaya maskini hiyo bado siyo hela ya mchezo. Kuunganisha simu nyumbani peke yake hakumalizi tatizo la bei.

Nani analipa gharama ya kubaki nje?

Zamani kukosa intaneti kulimaanisha kukosa vichekesho na picha za harusi. Leo ni kukosa haki yako.

Anayeomba mkopo wa elimu ya juu anaomba mtandaoni. Anayetaka kazi serikalini anapitia Ajira Portal. Kijana mwenye kitochi anafanyaje? Anapanda bodaboda hadi mjini, anaingia steshenari, anamlipa mtu amjazie fomu. Nauli yake, ada ya kujaziwa, na siku nzima ya kazi imekwenda.

Na siyo hela tu. Barua pepe kafunguliwa na mtu wa steshenari, nywila anaijua mtu wa steshenari. Jina likikosewa herufi moja au kiambatisho kisipopanda, huyu kijana hataona ujumbe wa kumwambia arekebishe. Atajua siku majina yanatoka na lake halimo. Huduma "ya bure mtandaoni" imegeuka kuwa ya kulipia, na anayelipia ni maskini kuliko wote.

Tujifunze kwa kitochi

Wakati huohuo, bibi wa kijijini anapokea pesa kwenye kitochi chake bila shida. Ananunua umeme wa LUKU kwa simu. Analipia huduma za Serikali kwa kumbukumbu namba. Yote hayo kwa kubonyeza nyota na reli, bila bando.

Pesa za simu zilienea kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya simu ambayo watu wanayo. Huduma nyingi za Serikali mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya simu ambayo ofisa anayo.

Kwa hiyo kabla ya kusubiri kila mtu anunue simu janja, kuna mambo yanayowezekana sasa. Huduma muhimu zipate njia ya kitochi, angalau ya kuangalia ombi limefika wapi na kama lina kasoro. Kurasa za maombi ya mikopo na ajira zifunguke bila kula bando. Na ofisi ya kata iwe na kompyuta moja na mtumishi anayesaidia bila kudai chochote.

Kwenye simu, kama Serikali inaweza kufidia hasara ya mnara, inaweza pia kufidia sehemu ya bei ya simu kwa kaya zisizojiweza. Mnara usio na watumiaji haumsaidii mtu, hata kampuni iliyoujenga haipati kitu.

Na tubadilishe swali. Tukisikia minara mingapi imezinduliwa, tuulize pia: katika kata hiyo, ni watu wangapi mwaka huu wamejaza fomu zao wenyewe bila kwenda steshenari? Namba hiyo ndiyo itakayotuambia kama pengo linazibika.